Nuru Haisimami Hewani: Safari ya Miaka 1000 ya Kutafuta Picha Isiyohitaji Miwani

 

Ndugu msomaji, hebu rudi nyuma hadi ile jioni ya tarehe 29 Shaaban. Bila shaka nawe ulitoka nje kuutafuta mwezi. Sisi kwetu Mombasa tulipanda juu ya nyumba ya jirani, wakubwa kwa wadogo, kila mtu kidole angani. “Ule pale!” “Wapi? Lile si wingu?” Mwezi ukionekana huwa kama ukucha uliokatwa. Ukifika usiku wa 14 huwa kama sinia. Sote tunajua kuwa mwezi ni tufe, ni duara kama mpira. Lakini umewahi kuuona kama mpira? Haujaonekana hivyo kwa jicho la mtu yeyote aliyesimama duniani. Ni bapa tu, kama umechorwa.

Kwa nini? Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Nyosha mkono mbele yako, simamisha kidole gumba, kisha fumba jicho la kushoto. Sasa fumbua, fumba la kulia. Umeona? Kidole kimeruka, mara huku mara kule. Hakikuruka chenyewe. Macho yako yako mbalimbali kwa sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila jicho linaona kidole kutoka upande wake. Ubongo huchukua tofauti hiyo ndogo na kukwambia, “Hiki kiko karibu, kile kiko mbali, hiki kina unene.” Mwezi uko mbali karibu kilomita 384,000. Kwa umbali huo zile sentimita 6 si kitu, macho yote mawili yanaona picha ile ile, na ubongo unakosa la kusema.

Makala hii ni historia ya watu waliotaka kuipa picha unene wake, ili mtu aizunguke na kuitazama kutoka kila upande kama anavyotazama kikombe juu ya meza, bila kuvaa miwani wala kitu chochote usoni. Lakini kwanza nikueleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

MJOMBA NA CHUNGWA

Mwaka juzi mjomba wangu alianza kugonga miimo ya milango. Yeye ni seremala. Mtu aliyetengeneza milango maisha yake yote, leo anaigonga kwa bega! Mwanzoni tulimcheka. Baadaye tukagundua haoni watu wanaompita ubavuni. Mbele anaona vizuri, pembeni, kulia na kushoto, giza. Alipopigwa skeni ya kichwa, ikaonekana ana uvimbe kwenye tezi moja ndogo iliyo chini ya ubongo. Uvimbe ule ulikuwa umepanda juu na kubana pale ambapo mishipa ya macho mawili inakutana.

Mimi ndiye niliyemsindikiza kwa daktari. Daktari alifungua kompyuta akatuonyesha picha, nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, kama slesi za mkate. “Hapa ndipo uvimbe ulipo. Hapa ndipo mshipa. Sisi tutaingilia puani, tufike hapa.” Mjomba alitazama, akanyamaza, kisha akasema:

“Daktari, mimi ni fundi wa mbao. Ukinionyesha mlango kwa mbele tu, siwezi kukwambia unene wake. Hicho kitu chenyewe kikoje?”

Karatasi ya kutia sahihi ilikuwa mezani na kalamu juu yake, na mjomba hakuigusa. Daktari akafikiri kidogo. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa chakula chake cha mchana akatoa chungwa. Akavuta mpira wa kufungia makaratasi, akauvisha juu ya lile chungwa. “Mzee wangu, chukua kuwa chungwa hili ndilo uvimbe, na mpira huu ndio mishipa ya macho yako. Kadiri chungwa linavyokua, ndivyo mpira unavyovutika.” Mjomba akalichukua, akaligeuza, akalitazama kwa chini. Akalirudisha mezani, akachukua kalamu, akatia sahihi.

Nikabaki najiuliza, inakuwaje mashine ya mamilioni ya pesa ishindwe na chungwa? Jibu ni kwamba ile skeni haikushindwa. Ilikuwa inajua umbo zima la uvimbe, juu, chini na ubavuni. Kilichoshindwa ni kioo cha kompyuta, kwa sababu ni bapa. Kitu chenye pande tatu kilikandamizwa kikawa slesi, na mgonjwa akaambiwa aziunganishe mwenyewe kichwani.

MTU WA BASRA

Sisi tuliosoma madrasa tumelisikia jina la Ibn al-Haytham. Tulilikariri pamoja na Ibn Sina na al-Khwarizmi, tukaulizwa katika mashindano, tukapewa zawadi ya kalamu. Lakini ukituuliza alifanya nini hasa, wengi wetu tutajibu, “Alikuwa mwanasayansi mkubwa,” kisha tunyamaze.

Alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965, akafariki Cairo karibu mwaka 1040. Mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya kuona chenye sehemu 7. Wakati ule wanachuoni wengi waliofuata vitabu vya Kigiriki waliamini kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu, mfano wa mtu anayepapasa gizani kwa fimbo. Yeye akauliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kama jicho ndilo linalotuma miale, mbona ukitazama jua jicho linauma? Anayeumia ni anayepokea.

Akafanya majaribio. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo lililoingia kwenye chumba cha giza. Kila taa ikatoa doa lake la mwanga ukutani. Akifunika taa moja, doa moja linatoweka, mengine yanabaki. Kwa hiyo mwanga unatoka kwenye kitu, unakwenda kwa mstari ulionyooka, unafika jichoni. Hivyo ndivyo tunavyoona.

Alishughulikia pia macho mawili. Alichukua ubao mwembamba wenye mistari ya rangi, akasimamisha vipande vidogo vya nta juu yake, akauweka karibu na pua, akachunguza ni wakati gani kitu kimoja huonekana viwili.

Hapa nataka tuwe wakweli, ndugu msomaji. Wako kati yetu wanaopenda kusema kwamba kila kitu, kuanzia kamera hadi ndege, kiligunduliwa na Waislamu, wengine wakaiba tu. Maneno hayo ni matamu lakini yanamdhulumu hata yule tunayemsifu. Ibn al-Haytham hakutengeneza picha za pande tatu. Hakueleza kwamba ile tofauti ndogo kati ya macho mawili ndiyo inayotupa unene. Na alidhani kwamba picha za macho mawili huungana pale ambapo mishipa yake inakutana, ndipo pale pale palipobanwa na uvimbe wa mjomba. Leo tunajua kwamba mishipa hupishana pale, lakini kazi ya kuunganisha picha hufanyika nyuma ya ubongo, upande wa kisogoni. Hakupata yote. Mwenyewe aliandika kitabu kizima cha kutilia shaka maneno ya Batlamyus, mwanachuoni aliyeheshimiwa kuliko wengi, kwa hiyo sidhani angetaka sisi tumfuate yeye kwa macho yaliyofumbwa.

Alichotuachia ni kanuni moja, na naomba uishike kwa sababu makala yote iliyobaki inaning'inia juu yake: huwezi kuona kitu mahali fulani mpaka mwanga utoke mahali hapo, au uonekane kutoka hapo, ufike jichoni mwako.

KITABU CHASAFIRI

Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel, Uswisi. Wasomi wa Ulaya walimwita mwandishi wake Alhazen, wakakisoma kwa karne nyingi.

Mwaka 1838, jijini London, Charles Wheatstone alieleza mbele ya wanasayansi wenzake lile jambo lililokuwa limebaki. Alichora picha mbili za kitu kimoja, moja kama inavyoonekana kwa jicho la kulia, nyingine kwa jicho la kushoto. Akaziweka pande mbili za vioo viwili vya kujitazamia, ili kila jicho lione picha yake tu. Mara, mistari iliyochorwa kwenye karatasi bapa ikainuka ikawa na unene! Chombo chake kiliitwa stereoskopu.

Na mwezi wetu je? Katika miaka ya 1850 Mwingereza mwingine, Warren De la Rue, aliutendea haki. Alijua kwamba mwezi, ukiutazama kutoka duniani, huyumba kidogo, leo unaonyesha ubavu huu zaidi, siku nyingine ubavu ule. Akachukua picha mbili zilizopigwa nyakati tofauti, akaziweka kwenye stereoskopu. Kile kisinia tunachokitafuta juu ya mapaa kikawa mpira. Subhanallah, binadamu akauona mwezi kwa macho ambayo ni kama yametenganishwa kwa maelfu ya kilomita.

Lakini stereoskopu ilikuwa na kasoro ambayo haijaondoka hadi leo. Ni lazima uweke kitu usoni. Na ukisogeza kichwa ili uone ubavu wa pili, hakuna ubavu wa pili, ni picha mbili tu. Zaidi ya hayo, macho huchoka. Unapotazama kitu cha kweli kilicho karibu, macho hufanya mambo mawili kwa pamoja: hugeuka kuelekea ndani, na lenzi zake hujirekebisha kwa umbali ule. Picha ya miwani hulidanganya jicho kwa jambo la kwanza tu. Macho yanageuka kana kwamba kitu kiko karibu, na lenzi zinabaki zimelenga kioo kilicho mbali. Ndiyo maana wengine waliokwenda sinema kutazama filamu za miwani baada ya mwaka 2009 walirudi na maumivu ya kichwa. Televisheni za namna hiyo zilipigiwa debe sana, lakini kufikia mwaka 2017 kampuni kubwa zilikuwa zimeacha kuzitengeneza.

MZUKA WA KIOO

Sasa kuna jambo ambalo vijana wengi tunadanganyika nalo, tusimame hapa kidogo.

Tarehe 24 Desemba 1862, katika jumba moja la maonyesho ya sayansi jijini London, watu walioketi waliona mzuka ukitembea jukwaani. Ulionekana wazi, na vitu vya nyuma yake vilionekana kupitia mwilini mwake. Mtu aliyeuonyesha aliitwa John Henry Pepper, na wazo la mwanzo lilikuwa la mhandisi Henry Dircks. Ulikuwa uchawi? Hata. Mbele ya jukwaa kulikuwa na kioo kikubwa kilichoinamishwa. Shimoni, mahali watazamaji wasipoona, alisimama mwigizaji aliyemulikwa kwa taa kali. Waliloona watu ni taswira yake kwenye kioo, vile vile unavyojiona kwenye dirisha la matatu usiku.

Mwaka 2012 nchini Marekani, mwanamuziki Tupac Shakur, aliyeuawa mwaka 1996, alionekana tena jukwaani mbele ya maelfu ya watu. Dunia nzima ikasema, “Hologramu!” Haikuwa hologramu. Ilikuwa ni hila ile ile ya Pepper, ila badala ya kioo kizito kulikuwa na karatasi nyembamba ya plastiki inayong'aa, na badala ya mwigizaji shimoni kulikuwa na projekta. Ungezunguka nyuma ya “Tupac” usingeona mgongo wake. Alikuwa bapa kama mwezi.

Siku moja utauziwa kijisanduku cha plastiki cha kuweka juu ya simu, uambiwe ni hologramu. Uliza swali moja tu la mtu wa Basra: mwanga huu unatoka wapi? Ukipata jibu hutadanganywa.

Hologramu ya kweli ipo. Mwaka 1947, Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungary aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitafuta njia ya kuboresha hadubini. Akafikia wazo la kurekodi si mwangaza wa picha tu bali namna mawimbi ya mwanga yanavyowasili. Wazo lilikuwa mbele ya vifaa, kwani lilihitaji mwanga safi wa leza, na leza ya kwanza ilipatikana mwaka 1960. Baada ya hapo Emmett Leith na Juris Upatnieks, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walionyesha mwaka 1964 hologramu ya kigarimoshi cha kuchezea ambacho ungeweza kuchungulia nyuma yake. Gabor akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Hata hivyo hologramu ile ilibaki ndani ya bamba lake, kama mandhari ndani ya dirisha. Hutembei ukaizunguka, na kile kigarimoshi hakiendi.

NURU HAISIMAMI HEWANI

Basi tumefika penye fundo lenyewe. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, roboti anamulika taa na binti mfalme mdogo anasimama hewani, anazungumza. Watoto wa dunia nzima walidhani jambo hilo liko karibu kuja. Lakini wapi!

Chukua tochi, uiwashe usiku. Mwale unakwenda moja kwa moja hadi ukutani. Hauwezi kuuambia, “Simama hapo katikati ya sebule, kisha unigeukie.” Nuru haisimami hewani. Inakwenda mpaka ikutane na kitu. Ukiuona mwale wenyewe, ni kwa sababu ya vumbi au moshi wa udi uliomo njiani. Kwa hiyo kila aliyetaka kutengeneza picha ya ujazo, yaani picha inayojaza mahali kweli kweli, alilazimika kujibu: ni kitu gani kitakachokuwa pale, kuurudisha mwanga kwa mtazamaji? Majibu yamekuwa ya namna nne.

Jibu la kwanza: skrini inayozunguka. Unajua pangaboi likizunguka kwa kasi panga zake hazionekani, inaonekana duara moja. Jicho hushikilia kitu kwa muda mfupi baada ya kukiona. Kampuni ya Actuality Systems ya Marekani, iliyoanzishwa na Gregg Favalora mwaka 1997, ilitumia siri hiyo. Ndani ya tufe la kioo waliweka skrini nyembamba inayozunguka zaidi ya mara 700 kwa dakika. Kila inapofika kwenye pembe mpya, projekta inaipiga picha ya slesi moja. Slesi 198 kwa jumla, kila moja nukta 768 kwa 768. Ukizidisha utapata zaidi ya nukta milioni 116. Macho yanaziunganisha, na kitu kinaonekana kimesimama ndani ya tufe, watu wamekizunguka pande zote, hakuna aliyevaa miwani.

Na unadhani walikipeleka wapi? Hospitalini! Kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, kilikifanyia majaribio katika kupanga matibabu ya saratani kwa miale, ili madaktari waone miale itapita wapi na itaepuka nini. Yaani zile slesi za mkate zikarudishwa kuwa mkate. Lakini chombo kilikuwa ghali, kilikuwa na sehemu zinazozunguka ambazo huwezi kuzigusa, na wanunuzi walikuwa wachache. Kufikia mwaka 2009 kampuni ilikuwa imefikia mwisho wake.

Jibu la pili: skrini nyingi zilizopangwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya LightSpace ilipanga vioo 20 kimoja nyuma ya kingine, mfano wa vitabu rafuni. Kioo kimoja kinakuwa cheupe kama ukungu na kupokea picha, vingine 19 viko wazi kabisa, kisha zamu inahamia kinachofuata, haraka sana. Hakuna kinachozunguka. Lakini unatazama kutoka mbele tu.

Jibu la tatu: kitu kigumu kinachong'aa kwa ndani. Mwaka 1996 Elizabeth Downing wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, alionyesha kipande kidogo cha kioo kilichochanganywa na madini adimu. Waliingiza miale miwili ya leza isiyoonekana kwa macho. Mwale mmoja peke yake haufanyi kitu. Inapokutana miwili, nukta ile tu ndiyo inayong'aa, nyekundu, kijani au buluu. Ukiisogeza miale haraka unachora ndani ya kioo. Ni kazi nzuri ajabu, lakini kupata kioo kikubwa cha namna ile ni gharama kubwa.

Jibu la nne: hewa yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walikusanya leza kali mpaka hewa ikawaka kwa nukta nukta, kama vicheche. Hatimaye mwanga ulitoka mahali patupu! Lakini nani angetia kidole? Mwaka 2015 Wajapani wengine, wakiongozwa na Yoichi Ochiai, wakatumia mipigo mifupi mno ya leza, kukawa na picha unayoweza kuigusa. Ukubwa wake ulikuwa kama sentimita 1.

Mwaka 2018 Daniel Smalley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walikuja na njia ambayo mimi naipenda kuliko zote. Walichukua chembe moja ndogo mno ya nyuzinyuzi za mimea. Wakaishika hewani kwa leza, wakawa wanaikimbiza huku na huku, na kila inapofika wanaimulika kwa rangi wanayotaka. Chembe moja, ikikimbia kwa kasi, inachora umbo zima, kama mtoto anayezungusha kijinga cha moto gizani hadi uone duara. Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakafanya vivyo hivyo kwa sauti badala ya leza. Spika ndogo 512, zenye sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, zilibeba chembe ya plastiki ya kama milimita 2, zikachora nayo vipepeo na nyuso zenye tabasamu. Picha ile ilitoa sauti, na mkono ukisogezwa unahisi kama kitu kinakugusa.

BADO SAFARI

Nisikufiche, ndugu msomaji. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo tayari kuwekwa sebuleni kwenu ili Idi mtazame jamaa wa Muscat wakiwa wamesimama juu ya meza. Picha za chembe ni ndogo kama kidole, na zile zenye mambo mengi zilibidi zipigwe kwa kamera iliyofunguliwa kwa sekunde kadhaa, kwa sababu chembe haikuweza kumaliza kuchora haraka kiasi cha jicho kuona umbo zima kwa mara moja. Na kuna shida nyingine. Kwa kuwa picha ya ujazo imetengenezwa kwa mwanga, mwanga wa mbele hauwezi kuuziba wa nyuma. Ukitengeneza uso, utaona kisogo kupitia puani! Kwa kitu cha maonyesho ni kasoro. Kwa daktari anayetaka kuona uvimbe uliojificha ndani ya kichwa, huenda ni neema.

Lakini hebu tazama safari yenyewe. Miaka 1000 iliyopita mtu alikaa kwenye chumba cha giza akafunika taa moja moja. Swali lake lilikuwa dogo, hakuna aliyelipa fedha kwa ajili yake. Wheatstone akaongeza kipande alichokikosa. Gabor akasubiri leza miaka 13. Favalora akatengeneza tufe, kampuni ikafa, lakini hesabu zake zimebaki. Hakuna aliyemaliza kazi. Kila mmoja alichukua pale mwenzake alipoishia na akasema wazi kilichoshindikana.

Sisi tunaingilia wapi? Hapo ndipo panaponiuma. Kujivunia Ibn al-Haytham bila kujua alichokijaribu ni kama kujivunia babu aliyekuwa seremala ilhali wewe hujui hata kushika randa. Tochi unayo. Chumba cha giza unacho, tena siku umeme ukikatika unapewa bure. Funika tundu, weka taa mbili, tazama ukutani. Mwite mdogo wako, mwonyeshe kidole kinavyoruka, muulize kwa nini. Kama uko kidato cha tatu na fizikia imekuchosha, jua kwamba ile sura ya mwanga unayoiona kavu ndiyo iliyobeba haya yote. Siku moja, inshallah, mgonjwa katika hospitali moja ya hapa kwetu ataonyeshwa ugonjwa wake ukiwa umesimama mezani, auzunguke, aulize maswali, ndipo atie sahihi. Atakayeutengeneza mtambo huo si lazima atoke Stanford.

Mjomba alipasuliwa salama, alhamdulillah. Ubavu wa kulia umerudi karibu wote, wa kushoto bado anakisia. Jioni ile ya Shaaban tulikuwa naye juu ya nyumba. Yeye ndiye aliyeuona mwezi kabla yetu, akanishika bega akanielekeza. “Ule pale, mwanangu. Fuata kidole.” Nikafumba jicho moja, kisha la pili. Kidole chake kiliruka. Mwezi haukuruka.